Marehemu wa Kirumba

Ukifika Kirumba ukaulizia nyumba ya Machibya Luhende, utazungushwa mitaa mpaka uchoke. Ulizia nyumba ya Marehemu, utashikwa mkono upelekwe hadi mlangoni. Ndilo jina lake mjini. Kina mama wa dagaa pale Mwaloni humwita hivyo, fundi wake wa viatu humwita hivyo, na watoto wanaotoka shule humwamkia kwa adabu zote, "Marehemu, shikamoo," naye huitikia, "Marahaba, wanangu," huku akiweka koti lake sawa. Mgeni anayezisikia salamu hizo kwa mara ya kwanza hutafuta ukuta wa kuegemea.

Jina hilo hakupewa bure. Machibya ni mwigizaji, na katika miaka yote aliyoigiza, jukwaani na kwenye filamu, mpaka mwaka huu hakuwa amepata kufika mwisho wa hadithi akiwa hai. Wapo waigizaji wa mapenzi, wapo wa ngumi, wapo wale wa kupita nyuma wamebeba trei. Yeye ni wa kufa. Watayarishaji wa filamu wa Mwanza wakimaliza kuandika hadithi yao wakaiona imepoa kama uji wa jana, huongeza mahali fulani pa katikati kwamba hapa afe mzee mmoja, na dakika hiyo hiyo simu ya Machibya huita.

Tumpe haki yake, maana anakufa vizuri. Kifo chake cha sumu huanzia kwenye nyusi, kikashuka taratibu hadi vidole vya miguu, na kila kiungo hupata zamu yake. Kifo cha moyo hukianza kwa kucheka, kwa sababu, anasema, moyo ni mnafiki. Kifo cha kurogwa ni kirefu mno, na waongozaji humwomba afupishe kabla betri ya kamera haijaisha. Kuna siku alikufa maji mahali ambapo ziwa lilimfika kiunoni tu, lakini alizama kwa ufundi kiasi kwamba mvuvi aliyekuwa akipita aliruka kutoka mtumbwini akamburuta hadi ufukweni. Mvuvi yule yumo kwenye filamu ile mpaka leo, na kwa nyuma anasikika mwongozaji akimtukana.

Mambo yote haya yalianzia Kisesa, kwao, wakati Machibya ni kijana asiye na ndevu. Wasukuma wana mashindano ya ngoma ambayo ukiyaona utadhani yamebuniwa na mtu mwenye ugomvi moyoni. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hawa upande huu na hawa upande ule, na watazamaji wako huru kukimbilia popote. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kucheza vizuri hakutoshi, lazima uwe na kioja. Mwaka huo Bagika walikuwa na mtu anayecheza na chatu shingoni. Bagalu, kundi la kina Machibya, walikuwa na jembe walilolirusha juu na kulidaka, na watu walikwisha kuliona jembe hilo tangu enzi za babu zao.

Watazamaji wakahama wote kwenda kwa chatu. Upande wa Bagalu akabaki kipofu mmoja na mbwa. Machibya, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba maji ya wachezaji, alitazama uwanja ule mtupu, uchungu ukamshika, na bila kumwuliza mtu akaweka ndoo chini, akapiga kelele moja, akafa. Alitetemeka, akajinyoosha, akaacha jicho moja wazi. Watu walimwacha chatu na kuja mbio. Hata mwenye chatu alikuja, akiwa na chatu wake. Bagalu walishinda siku hiyo kwa watu wengi ambao hawakuona ngoma yoyote.

Tatizo ni kwamba mama yake, Bibi Minza, alikuwa pale pale uwanjani akiuza karanga. Alilia kilio ambacho Kisesa bado wanakisimulia. Machibya alipoinuka akijipangusa vumbi na kutabasamu, mama alimpiga kwanza kwa ungo wa karanga, halafu akamkumbatia, halafu akampiga tena. Kisha akamkokota nyumbani na kumwambia kwamba mtu aliyekufa mbele za watu hawezi kuendelea kuishi hivi hivi tu, lazima arudishwe. Akamwosha miguu kwa maji yenye unga wa mtama, akamwita kila jirani aje amtazame kwamba yupo, akamlisha kuku mzima na kumlaza nyumbani bila kutoka uani. Machibya alikula kuku yule akidhani hiyo ni mila ya kwao ya tangu zamani.

Basi tangu siku hiyo ikawa hivyo. Machibya alihamia mjini akajiunga na kikundi cha maigizo kilichofanya mazoezi Butimba na kuzunguka vijijini kufundisha watu mambo ya afya. Ndiyo miaka aliyokufa sana. Alikufa kwa malaria kule Magu, kwa kichocho Ukerewe, kwa kipindupindu kwenye magulio yasiyo na idadi. Kijiji kimoja kilichimba vyoo siku ile ile baada ya mchezo, kwa sababu kina mama walisema hawawezi kukubali kuzika vijana wenye meno mazuri namna ile. Na kila alipokufa, habari zilimfika mama yake Kisesa, na mama alituma ujumbe: njoo urudishwe.

Zilipokuja filamu za kanda, kisha za sahani, kisha hizi za kwenye simu, vifo viliongezeka na masharti ya kurudishwa nayo yakaongezeka. Bibi Minza alikuwa na dawa kwa kila kifo. Ukifa kwa sumu, unarudishwa kwa maji, kwa hiyo Machibya alichota maji mpaka kila pipa, ndoo na sufuria ya nyumbani ikajaa. Ukifa kwa risasi, mwili umetobolewa, basi sharti kitu kizibwe, na kilichozibwa kilikuwa paa la jiko. Aliyekufa maji huchimba mtaro kuzunguka nyumba, ili maji yaonyeshwe njia. Aliyerogwa hupalilia shamba la mihogo lote, kwa sababu uchawi una mizizi. Mwaka jana alipoanguka kutoka ghorofani katika filamu moja ya kesi ya urithi, alitengeneza kitanda cha mama, meza, na mlango wa banda la mbuzi, maana aliyeanguka lazima asimamishe vitu.

Mke wake, Dorcas, ni Mkerewe anayeuza samaki pale Mwaloni, na ni mtu asiyedanganywa kwa urahisi. Siku moja alimtazama mumewe akirudi kutoka Kisesa na malengelenge mkononi, akamuuliza, "Hivi hii mila yenu, kuna Msukuma mwingine anaifuata?"

"Msukuma gani mwingine anakufa kama mimi?" alijibu Machibya.

"Kwetu Ukerewe mtu anakufa mara moja, tunamaliza."

"Ndiyo maana hamwendelei," alisema Machibya, akaomba maji ya moto ya kukanda mgongo. Dorcas alimletea maji, kisha akacheka jikoni kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili utani wenyewe.

Mwaka huu ndio mambo yalipoanza kumkaa Machibya rohoni. Mjomba wake, Mzee Mihayo, kaka yake Bibi Minza, anaishi nyumba ya pili kutoka kwa dada yake, naye ndiye mwenye televisheni wanayotazamia wote. Jioni moja mjomba alipiga simu.

"Mama yako macho yanazidi kufifia," alisema. "Mtoto wa jicho. Sasa anavuta kiti mpaka anaigusa televisheni na pua."

"Nitampeleka hospitali, mjomba."

"Utampeleka. Lakini kuna jambo jingine. Kila ukifa kwenye picha, dada anaacha kutazama hapo hapo. Anatoka, anakaa mlangoni kwake, anatazama barabara. Hasemi. Hali vizuri. Anakaa hivyo mpaka siku utakayokuja."

Machibya alikata simu akiwa mnyonge. Alimwona mama yake pale mlangoni, mwanamke wa umri ule, akimlilia mwanawe kimoyomoyo, na yeye ndiye anayemuua kila mwezi kwa ajili ya tonge. Alijiona mkatili. Usiku ule alimwambia Dorcas kwamba kabla macho ya mama hayajafunga kabisa, lazima amwone mwanawe akifika mwisho wa filamu akiwa mzima. Filamu moja tu. Dorcas alimwambia hilo ni jambo jema, na kwa mara ya kwanza hakumtania.

Asubuhi alikwenda kwa Sachin. Huyu ndiye mwongozaji aliyemuua mara nyingi kuliko wote. Familia yao ina duka la vitambaa katikati ya mji tangu enzi za babu yake, lakini Sachin aliwaachia kaka zake mita na mikasi akaenda kupiga picha, na mama yake, Bi Riddhi, mpaka leo huwaambia wateja kwamba kijana yuko likizo.

"Bosi," alisema Machibya, "nataka kuishi."

Sachin aliacha chai yake. "Unaumwa, mzee wangu?"

"Siumwi. Nataka kuishi kwenye picha. Mwanzo mpaka mwisho."

Sachin alikuna kichwa. Alisema hapo amepewa mtihani, kwa sababu watu wanamtaka Machibya afe, wamezoea, wengine hupika kabisa kwa kupanga wale baada ya kifo chake. Lakini Machibya alipomweleza habari za mama kukaa mlangoni, Sachin alivuta kalamu. Naye ana mama. Wiki hiyo aliandika hadithi ya nahodha mstaafu wa kivuko, mzee mkorofi anayekataa kijana anayetaka kumwoa binti yake, halafu analainika polepole, na mwishoni anasimama juu ya mawe ya ziwani na kuwapa baraka. Nahodha hafi. Sachin aliandika hilo kwa wino mwekundu ili wote waone.

Hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza, maana Machibya hakujua kuishi. Tukio la kwanza lilikuwa dogo kabisa: nahodha anakunywa chai na mkwe mtarajiwa, aliyeigizwa na Alexander, kijana mwenye sura nzuri na kazi ya wastani. Machibya alipiga funda moja. Nyusi zikaanza. Kikombe kikamtoka, akateleza kutoka kitini taratibu mno, na Alexander, ambaye katika filamu zilizotangulia amemlilia mzee huyu mara nyingi, alipiga magoti hapo hapo na kusema kwa machozi ya kweli, "Baba, usituache."

"Kata," alisema Sachin. "Alexander, baba anakunywa chai."

"Samahani, bosi, nimezoea."

"Na wewe, mzee?"

"Mkono tu," alisema Machibya kutoka sakafuni. "Mkono umezoea kikombe cha sumu."

Wakampa kikombe cha plastiki, haikusaidia. Wakafuta tukio la chai, wakamwambia afungue mlango. Alifungua mlango, akashika fremu, akashuka nayo mpaka chini. Akaeleza kwamba hakuna mlango aliowahi kuufungua kwenye filamu usiokuwa na mtu mbaya nyuma yake. Wakamwambia alale tu kitandani, tukio la usingizi, hata mtoto mchanga angeliweza. Alilala vizuri mno. Mtu wa sauti alivua vifaa masikioni akasema hasikii pumzi, na mpishi aliyekuwa akipita akamfunika shuka usoni.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka subira ya Sachin ikafika ukingoni. Alimwita Machibya pembeni, akamwambia kwa huruma kwamba labda wabadilishane, Alexander awe nahodha na Machibya awe baharia mmoja anayekufa mapema. Alexander akapakwa unga wa sembe kichwani kwa majaribio, akaonekana kama mtu anayetoka mashineni kusaga. Machibya alikwenda kukaa peke yake juu ya mawe. Ziwa lilikuwa limetulia, na yeye alikuwa karibu kulia. Mtu mzima, alijiambia, umeshindwa kufanya jambo ambalo hata mbuzi anafanya kila siku bila mazoezi.

Sachin alimfuata pale. Ama alikuwa na akili nyingi, ama alikuwa amechoka. Mara nyingine ni kitu kimoja.

"Mzee," alisema, "nimebadilisha hadithi. Nahodha anakufa."

Machibya alishusha pumzi. "Wapi?"

"Baada ya picha kuisha. Majina yakishapita yote, watu wakishaondoka, taa zikishazimwa, ndipo anafia nyumbani kwake. Sisi hatutakuwepo. Kazi yako ni kukibana kifo mpaka hapo. Utaweza kukibana?"

Machibya alifikiri kama fundi. "Ni kifo cha aina gani?"

"Cha uzee."

"Hicho sijawahi kukifanya," alisema, na macho yakamwaka.

Akarudi mbele ya kamera, na sasa alikuwa mtu mwingine. Alikunywa chai kama mtu asiyejua amebakiwa na vikombe vingapi. Alifungua mlango akasimama hapo kidogo, akatazama nje, akatabasamu. Alipomkaripia Alexander ilikuwa kwa upole wa mtu anayejua atakuja kuacha kukaripia. Siku ya mwisho aliposimama juu ya mawe kutoa baraka, watu wa kamera waliinamisha vichwa, mpishi akaja na mwiko wake mkononi kusikiliza, na Sachin akasahau kusema kata. Machibya alibaki pale juu akitoa baraka, na maneno yake yalipoisha akaanza kuwabariki majirani wa Kirumba mmoja mmoja kwa majina.

Filamu ilionyeshwa kwanza Kisesa, Machibya alisisitiza hilo. Sachin alichukua kitambaa cheupe kutoka dukani kwa kaka zake, kikatundikwa kwenye ukuta wa ghala, jenereta ikawashwa mara tu giza lilipoingia, na watu wakaja na vigoda vyao. Bibi Minza aliwekwa mbele kabisa, karibu na kitambaa kiasi kwamba kivuli cha kilemba chake kilionekana kwenye pembe ya picha. Machibya alikaa nyuma yake na Dorcas.

Kisesa ilikuja kumwona Marehemu akifa, na haikuficha. Nahodha aliponyanyua kikombe cha kwanza, uwanja mzima ulinong'ona, "Tayari." Hakufa. Alipopanda ngazi, mtu mmoja alisema hapa hapa, ngazi hiyo. Hakufa. Alipokohoa, kina mama walishusha kanga kutoka vichwani wakazifunga viunoni kwa maandalizi ya kilio, na ilikuwa kikohozi cha kawaida tu. Watu wakaanza kuchoka kwa wasiwasi. Alipoogelea, hakuna aliyepumua. Alipotoka majini akajifuta kwa taulo, jamaa mmoja aliyeonekana kuumizwa kabisa aliuliza kwa sauti kama huu ni uungwana.

Kisha ikaja baraka juu ya mawe, majina yakapita, kitambaa kikawa cheupe. Hakuna aliyeondoka. Walikaa wakikitazama kitambaa. Mzee Mihayo alimwambia Sachin kwamba mashine yake imekatika. Sachin alisema picha imeisha. Mzee Mihayo akamjibu kwa adabu kwamba haiwezi kuwa imeisha, kwani Machibya bado yupo. Ilichukua muda mpaka watu wakaanza kuinua vigoda vyao na kuondoka, wakinung'unika, baadhi wakimtazama Machibya kwa jicho la mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

Machibya hakuwajali. Alimwendea mama yake akachuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, umeona? Nimefika mwisho."

"Nimeona, baba," alisema Bibi Minza.

"Umefurahi?"

"Nimefurahi." Alikuwa akikunja na kukunjua pindo la kanga yake. "Umependeza ile kofia. Sasa utakuja lini?"

"Kuja wapi, mama? Si nipo hapa."

"Hapa umekuja na hawa watu wako, na gari linakungoja. Nauliza kule nyumbani. Kwenye picha hii hujafa, kwa hiyo hakuna cha kurudishwa. Utakuja lini?"

Mzee Mihayo, aliyekuwa akisaidia kukunja kitambaa, alianza kucheka mpaka akalazimika kukaa chini.

"Mjomba, unacheka nini?"

"Nakucheka wewe. Mimi nimezaliwa hapa, nimezeeka hapa, baba yangu ndiye aliyekuwa akiwafundisha watu mila. Hakuna mila ya kumrudisha mtu aliyekufa kwenye picha. Picha zenyewe zimekuja juzi. Dada aliitunga. Mara ya kwanza ilikuwa hofu tu, mtoto amemtisha. Ile nyingine alikuwa na paa linavuja."

Machibya alimgeukia mama yake. Bibi Minza hakukana. Alikaa wima kitini na kidevu juu, na hapo ndipo Machibya alipojua kipaji chake amekitoa wapi.

"Na kukaa mlangoni ukitazama barabara?" aliuliza. "Mjomba alisema huli."

"Nitakulaje wakati kuku nakuwekea wewe? Nikiona umekufa najua keshokutwa utafika. Nakungoja." Alisema hivyo kama anaeleza jambo ambalo mtoto yeyote angelijua. "Ukifa kwa moyo unachelewa kidogo. Ukifa maji unakuja upesi. Mwambie mtoto wa Riddhi akuue tena, baba. Asiache muda mrefu."

Dorcas aligeuza uso pembeni. Machibya alitafuta kichwani mwake siku moja, siku moja tu, aliyokwenda kwa mama yake bila kwanza kufa. Alipita sikukuu zote, mavuno yote. Sikukuu alikuwa kwenye kazi, mavuno alituma vocha ya simu. Hakuipata. Aibu ilimshika, ikamkaa kifuani pale pale anapopashika kwenye kifo cha moyo, na safari hii hakukuwa na la kuigiza.

"Nitakuja, mama," alisema.

"Utasema una kazi," alisema Bibi Minza bila hasira, akainuka, akaomba asindikizwe nyumbani maana hawezi kuona njia.

Jumamosi iliyofuata, Machibya alishuka Kisesa na mfuko wa sato waliofungwa na Dorcas, akatembea mpaka kwa mama yake. Hakukuwa na filamu mpya, hata Sachin alikuwa amekwenda dukani kuwasaidia kaka zake. Bibi Minza alikuwa uani akimenya karanga. Alisikia hatua, akainua uso.

"Nani?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Mikono yake ilisimama. "Umekufa na nini? Mihayo hajaniambia kitu."

"Sijafa."

"Basi wamekufukuza kazi."

"Hawajanifukuza."

"Dorcas amekufukuza."

"Dorcas ndiye aliyenifungia hawa samaki. Nimekuja tu, mama."

Bibi Minza alikaa na neno hilo akiligeuza. Alifikiria paa la jiko, lilikuwa zima. Alifikiria mapipa, mjukuu wa Mihayo alikuwa ameyajaza asubuhi. Mihogo ilikuwa imepaliliwa tangu kile kifo cha kurogwa. Alionekana kubabaika, kama mwenye nyumba aliyefikiwa na wageni bila taarifa.

"Sina kazi ya kukupa leo," alisema.

"Sikuja kufanya kazi."

Machibya alivuta kigoda akakaa karibu naye, akachota karanga kutoka kwenye ungo, akaanza kumenya. Na hapo Bibi Minza, ambaye tangu kile cha kwanza uwanjani alikuwa amekipokea kila kifo cha mwanawe kwa macho makavu, akakiandalia kuku na orodha ya kazi, aliweka ungo chini, akafunika uso kwa kanga na kulia. Machibya hakujua afanye nini, kwa hiyo aliendelea kumenya, na alipomaliza fungu lake akaanza kumenya la mama yake.